Lushoto: Bonde la mapumziko ya mwaka mzima

WAKATI kaskazi inavuma na joto la Februari limeikumba pwani ya Moa, wilayani Mkinga, ni wachache wanaokumbuka kwamba ndani ya mkoa wao huohuo wa Tanga kuna mahali ambapo mtu hulala amejifunika blanketi. Mahali hapo ni Lushoto, mji uliojificha katika bonde la Milima ya Usambara Magharibi, kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari.

Wajerumani waliutambua mapema uzuri huo. Waliuita mji huo Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao, na maofisa waliochoshwa na joto na malaria ya pwani walipanda huko kupumzika. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo, chini ya milima, mwaka 1905, na safari ikawa nyepesi. Waingereza nao waliiendeleza desturi hiyo. Jambo la kusikitisha ni kwamba hadi leo mgeni anayekutwa njiani na mkoba mgongoni mara nyingi ni Mzungu. Mtu wa pwani hupanda Lushoto kwa msiba, shule au biashara ya mboga, kisha hushuka upesi.

Msomaji aliyezoea picha za milima ya Alps atauliza habari za theluji, kwa kuwa mabonde ya huko huishi kwa kuteleza juu ya theluji wakati wa baridi na kwa matembezi wakati wa joto. Lushoto haina theluji. Barani Afrika mchezo huo unapatikana Lesotho, katika milima ya Maluti, na ndugu zetu walioko Dubai wameweza kuucheza ndani ya jengo la maduka tangu mwaka 2005. Hapa Tanzania, Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo mwaka 1912 wakiwa na mbao za kutelezea na kuzitumia wakati wa kushuka. Barafu iliyokuwapo mwaka ule imekwishapungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Kwa hiyo mapumziko ya Lushoto ni ya miguu na macho. Kilele cha Irente, kilomita chache kutoka mjini, huishia ghafla kwenye ukingo wa jabali, na chini kabisa huonekana mashamba ya mkonge ya Mazinde na nyika inayoelekea Mkomazi. Katika msitu wa asili wa Magamba wapo mbega weusi kwa weupe na vinyonga wenye pembe. Mwenye siku tatu au nne aende kwa miguu hadi Mtae, akilala vijijini, akiongozwa na kijana mwenyeji anayeijua njia. Asijaribu peke yake, maana ukungu huanguka ghafla.

Kila msimu una lake. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kipupwe, baridi ni kali na moto huwashwa ndani. Mwisho wa mwaka huja na matunda ambayo pwani hayaoti: mafyulisi, plamu, kisha mapeasi. Masika, kati ya Machi na Mei, wengi hushauri watu wasiende. Ushauri huo ni nusu ya kweli. Maporomoko ya maji ya Soni hupendeza zaidi wakati huo, lakini barabara ya kilomita 33 kutoka Mombo imechongwa ubavuni mwa mlima, na mvua kubwa huangusha udongo na mawe juu yake. Ni busara kuuliza hali ya njia kabla ya kuondoka.

Udongo huo hauanguki bure. Miteremko mingi imelimwa hadi juu, na palipokatwa miti ardhi haina cha kuishika. Mkazi wa Moa asidhani jambo hilo haligusi kwao: mto Umba huanzia katika msitu wa Shagayu, huko huko Usambara, na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga, ng'ambo kidogo ya mpaka. Msitu ambao mgeni analipa kuutembelea una mtetezi mmoja zaidi kijijini, hasa kama fedha hiyo inawafikia wenyeji.

Msafiri kutoka Moa huanzia Tanga mjini, akapita Muheza, Segera na Korogwe hadi Mombo, ambako magari madogo hupanda mlimani. Aliyesahau sweta asirudi nyumbani. Za mitumba zimejaa sokoni Lushoto.