Wanawake na uchumi wa Taita Taveta

Taita Taveta ni kaunti ya pwani ya Kenya yenye wakazi 340,671 kwa sensa ya 2019. Miji yake mikuu ni Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua zaidi ya nusu ya eneo lake, na ranchi na mashamba ya mkonge yamekalia sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki. Ndiyo maana habari za kipato cha mwanamke hapa hazitenganiki na suala la nani anamiliki ardhi.

Kazi na vipato

Voi uko kwenye barabara kuu ya Nairobi–Mombasa na una kituo cha reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria 2017. Mama mboga huuza mazao ya milima ya Taita. Wengine wana vibanda vya chakula au wameajiriwa hotelini, shuleni na hospitalini. Upande wa Maungu na Rukinga, wanawake hushona nguo viwandani.

Ususi wa vikapu vya mkonge umeenea Kasigau na Sagalla. Msusi husokota nyuzi kwa kiganja juu ya paja, huzitia rangi, kisha huanza na kitako cha kikapu na kupanda duara kwa duara. Kikapu kimoja huweza kuchukua siku nyingi, kwani husukwa baina ya kuchota maji, kupika na kulima. Bei hutegemea aliyekinunua: mchuuzi wa kijijini au soko la ng'ambo kupitia kikundi.

Taveta husifika kwa ndizi na kwa soko lake la mpakani, linalovuta wafanyabiashara kutoka upande wa Holili, Tanzania. Bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili. Asiyekijua cheti hicho hufuata njia za panya, na huko huhatarisha mzigo wake wote.

Katika uchimbaji wa vito, ikiwemo tsavorite ya kijani, wanawake wengi huchekecha kifusi au kuwapikia wachimbaji. Sheria ya Madini ya 2016 iliruhusu wachimbaji wadogo kupewa vibali, lakini pasipo vifaa wala ujuzi wa kukadiria thamani ya jiwe, bei hupangwa na dalali.

Akiba na mikopo

Chama ndicho benki ya kwanza ya wengi. Wanachama huchanga kila wiki au mwezi na kupokezana fungu, au hukopeshana kwa riba ndogo inayorudi kikundini. Hazina ya Wanawake (2007) na Hazina ya Uwezo (2013) hukopesha vikundi, wanachama wakidhaminiana. Aidha, asilimia 30 ya zabuni za serikali hutengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ila malipo yakichelewa, mwenye mtaji mdogo ndiye huzama kwanza.

Vikwazo

Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia katika ardhi ukomeshwe. Hata hivyo, kwa desturi shamba hurithiwa na wana wa kiume, na asiye na hati hukosa dhamana ya mkopo mkubwa wa benki.

Maji ya chemchemi za Mzima hupitia kaunti hii kwa bomba kwenda Mombasa, ilhali vijiji vingi vya nyanda kavu vina uhaba, na saa za kutafuta maji huwaangukia wanawake. Ndovu nao huweza kumaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja. Sagalla, baadhi ya wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya: ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Asali huuzwa.

Uongozi

Naomi Shaban aliwakilisha Taveta bungeni kuanzia 2002 hadi 2022 na aliwahi kuwa waziri wa jinsia. Majala Mlagui, aliyetoka katika biashara ya vito, alikuwa naibu gavana kuanzia 2017 hadi 2022. Alitanguliwa na Mary Ndiga na kufuatwa na Christine Kilalo. Hivyo, katika chaguzi za 2013, 2017 na 2022, kaunti ilipata naibu gavana mwanamke kila mara, na gavana mwanamume kila mara.