Sare na Empisa: Historia ya Mavazi na Mwenendo wa Wanafunzi wa Shule za Msingi katika Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya matarajio ya mavazi na mwenendo kwa wanafunzi wa shule za msingi katika miji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, tangu kuingia kwa shule za misheni hadi baada ya Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote wa mwaka 1997. Hoja kuu ni kwamba sare ya shule ilikusudiwa kuwasawazisha watoto, lakini swali la nani agharimie usawa huo halijawahi kujibiwa kikamilifu. Makala yanaonyesha pia kwamba istilahi za Kiswahili na Luganda zinazohusu jambo hili zimehifadhi mitazamo tofauti kuhusu mtoto anayefaa kuwapo darasani.

1. Utangulizi

Neno "sare" katika Kiswahili lina maana mbili zinazokaribiana. Ni nguo za namna moja zinazovaliwa na kundi la watu, na ni hali ya kulingana, kama timu mbili zinapotoka sare uwanjani. Katika Luganda, lugha iliyotumiwa na kanisa na utawala katika Busoga na Bugisu kwa miaka mingi, nguo hizo huitwa yunifoomu, neno la mkopo kutoka Kiingereza. Neno hilo linataja mfanano wa nguo, lakini halibebi maana ya kulingana kwa wavaaji. Tofauti hii ya kileksika inazua swali la kihistoria: je, mtoto wa Jinja au Mbale alipovishwa nguo ya shule, alivishwa ili alingane na wenzake, au ili atambulike kuwa ameacha kundi moja na kuingia jingine?

2. Wasomaji na Nguo Zao

Kabla ya shule, mavazi ya sehemu hizi mbili hayakuwa ya aina moja. Katika Busoga, kama ilivyokuwa Buganda, watu walivaa nguo za magome ya mti wa mutuba. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon, Wagisu walivaa zaidi ngozi. Mabadiliko yalikuja kwa kasi mwanzoni mwa karne ya 20, pale Semei Kakungulu na wasaidizi wake wa Kiganda walipoingiza utawala wa Kiingereza upande wa mashariki, wakifuatana na dini na lugha ya Luganda. Shule ya Nabumali, karibu na Mbale, ilianzishwa na misheni ya Kianglikana mwaka 1900. Waumini wapya waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja, na vyote viwili vilitambulika kwa nguo.

Kwa wanaume nguo hiyo ilikuwa kanzu. Vazi hilo pamoja na jina lake vilifika Buganda kwa njia ya biashara ya pwani, vikaenea mashariki mikononi mwa wakalimani, makatekista na machifu. Kwa wanawake historia inavutia zaidi. Inasimuliwa kwamba gomesi, vazi ambalo leo huhesabiwa kuwa la heshima katika Buganda na Busoga, lilishonwa na fundi wa Kigoa aliyeitwa Gomes kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, iliyofunguliwa na wamisheni mwaka 1905. Ikiwa masimulizi haya ni sahihi, basi nguo inayovaliwa na bibi anapokwenda kwenye harusi huko Jinja ilianza ikiwa nguo ya mwanafunzi. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba shule ilipambana na mila ya mavazi. Mara nyingine shule ndiyo iliyoizaa ile inayoitwa mila.

3. Usafi, Kaki na Pamba

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizuru Afrika Mashariki. Tume ilisisitiza kwamba elimu ya Mwafrika ijengwe juu ya afya na usafi, mazingira, maisha ya nyumbani na burudani. Serikali ya Uganda iliunda Idara ya Elimu mwaka uliofuata. Katika mtazamo huo, mwili wa mwanafunzi ni sehemu ya somo lenyewe. Ukaguzi wa kucha, meno, nywele na kola za mashati kabla ya kuingia darasani, ambao vizazi vingi vya wanafunzi wa Uganda wanaukumbuka, unalingana na fikra hiyo. Kunyoa nywele fupi, kwa wavulana na wasichana, kulielezwa vilevile kwa hoja ya usafi, na desturi hiyo imedumu kwa muda mrefu.

Kulikuwa na chanzo cha pili cha taswira ya mtoto nadhifu, nacho ni jeshi. Jinja ilikuwa kituo cha kikosi cha nne cha KAR, na Kiswahili kilijulikana na wengi kama lugha ya kambi. Kaki, kaptula, filimbi na kusimama kwa mistari vilionekana kambini na shuleni pia. Si ajabu kwamba neno "nidhamu", ambalo asili yake ya Kiarabu ni mpangilio, linamfaa vizuri mtoto aliyesimama mstarini.

Nguo yenyewe ilikuwa na uchumi wake. Wakulima wa Busoga na wa nyanda zinazouzunguka mji wa Mbale walilima pamba tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Pamba hiyo ilisafirishwa ikiwa ghafi, na mzazi akainunua tena ikiwa kitambaa kilichotoka ng'ambo. Bwawa la Owen Falls lilipozinduliwa mwaka 1954, umeme wake uliwezesha viwanda vya Jinja, kikiwamo kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile, maarufu kwa jina la Nytil. Kwa muda, pamba iliyolimwa mashariki iliweza kufumwa mashariki na kuvaliwa na watoto wa mashariki. Kuporomoka kwa uzalishaji viwandani baada ya mwaka 1972 kulivunja mnyororo huo. Kitambaa kikawa adimu, na sare ikawa nguo ya kurithiana kati ya ndugu.

4. Empisa na Nidhamu

Mavazi hayakutenganishwa na mwenendo. Neno la Luganda empisa, linalotumika pia katika Lusoga, linajumuisha tabia, adabu na desturi. Mtu mwenye empisa ni yule anayeishi kama alivyofunzwa nyumbani. Msichana wa Kisoga alitarajiwa kupiga magoti anapomwamkia mkubwa, na tarajio hilo liliingia naye shuleni, ambako mwalimu alichukua nafasi ya mzazi. Hapa shule ilipokea empisa ya nyumbani na kuigeuza kuwa sehemu ya nidhamu yake.

Mbale inatoa mfano ambapo mambo hayo mawili hayakukubaliana kirahisi. Katika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, vijana wa Kigisu hutahiriwa katika sherehe za imbalu, ambazo kwa desturi hufunguliwa katika uwanja wa Mutoto. Kijana hupakwa unga wa ulezi, huvaa shanga na njuga, hucheza barabarani siku nyingi, kisha husimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Pale ambapo kijana huyo bado yumo katika madarasa ya juu ya shule, anavaa sare mbili kwa mwaka mmoja: ya ukoo na ya shule. Ya kwanza inamtaka athibitishe ujasiri wake mbele ya watu wote. Ya pili inamtaka anyamaze na kutii. Mwalimu anayemwona kijana huyo kuwa mtovu wa nidhamu huenda anatazama adabu ya namna nyingine, asiyokuwa na jina lake katika kanuni za shule.

Chombo kikuu cha kulazimisha nidhamu kilikuwa kiboko. Wizara ya Elimu ilikataza adhabu hiyo kwa waraka, na Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 ikaipiga marufuku shuleni. Sheria imebadilika haraka kuliko imani ya wazazi wengi kwamba mtoto asiyechapwa hana empisa.

5. Sare Baada ya Mwaka 1997

Januari 1997 serikali ilifuta ada za shule za msingi, kwanza kwa watoto wanne wa kila familia. Idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Hata hivyo, nguo, chakula na madaftari vilibaki mikononi mwa wazazi. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 ilithibitisha mgawanyo huo: inakataza tozo za elimu katika shule za mpango huo, na papo hapo inataja mavazi miongoni mwa wajibu wa mzazi. Kwa mkulima mwenye watoto watano, ada iliyofutwa ofisini inaweza kurudi kwa mlango wa fundi cherehani.

Uzito wa gharama hiyo umepimwa ng'ambo ya mpaka. Katika shule 328 za magharibi mwa Kenya, eneo linalojumuisha Bungoma, ambako Wabukusu ni jamaa wa Wagisu, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer waligawa sare bure kwa wanafunzi wa baadhi ya shule. Walioacha masomo walipungua, na mimba za wasichana wadogo zikapungua pia. Mtaala haukubadilishwa katika shule hizo. Kilichoongezwa ni nguo.

6. Hitimisho

Historia ya Jinja na Mbale inaonyesha kwamba sare haikuwa na maana moja. Ilikuwa alama ya msomaji, kipimo cha usafi, taswira ya askari, zao la kiwanda, na hatimaye gharama iliyobaki baada ya ada kuondolewa. Utetezi wa sare kwa hoja ya usawa una nguvu pale tu kila mtoto anapokuwa nayo. Asipokuwa nayo, nguo ileile humtangaza maskini mbele ya mstari mzima, na mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya shati hukosa somo pamoja na fursa ya kujifunza hiyo empisa anayodaiwa.

Makala haya yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, kanuni za mavazi katika shule za msingi za umma zitaje wazi kwamba kukosa sare si sababu ya kumzuia mtoto kuingia darasani. Pili, kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 ufundishaji wa Kiswahili shuleni, walimu wa somo hilo katika Busoga na Bugisu wafundishe msamiati wa sare, adabu na nidhamu sambamba na empisa. Mwanafunzi anayejua kwamba sare maana yake ni kulingana ataweza kuuliza, kwa adabu, kwa nini mwenzake amebaki nje ya lango.