Mto wa Mchanga: Jinsi Wakazi wa Kola Walivyouteka Upya

Ukitoka Machakos mjini kwa barabara ya Wote utafika Kola, soko lililokaa juu ya vilima. Ukishuka kutoka hapo, upande wowote ule, utakutana na mto, na kama wewe ni mgeni huenda ukauvuka bila kujua. Kwa miezi mingi ya mwaka mito ya Ukambani ni njia pana za mchanga, na anayetaka maji huchimba. Mvua ikinyesha milimani, mto huo huo hushuka kwa ngurumo, ukiwa mwekundu kwa udongo wa mashamba ya watu, kisha baada ya saa chache umenyamaza.

Udongo huo ndio uchafu wa kwanza wa mito hii, na ugomvi juu yake ni wa zamani. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni aliyehusika na hifadhi ya udongo, aliandika ripoti juu ya Machakos, akaiambatanisha na picha za vilima vyenye upara na makorongo. Aliona jangwa linakuja, na lawama akaitwika mifugo ya Wakamba. Makorongo yalikuwepo, hilo halina ubishi. Ila Wakamba walikuwa wamesukumwa ndani ya mipaka ya rizavu, vilima vya Mua vikawa vya walowezi, malisho ya Yatta yakawa ardhi ya serikali. Ng'ombe waliobanwa pahali pamoja watakula mpaka mizizi.

Dawa ya serikali ilikuwa kuwapunguza ng'ombe hao kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walikamatwa na kunadiwa kwa bei ya kutupa, wakati ambapo kiwanda kipya cha nyama cha Liebig kilikuwa kinawasubiri Athi River. Mkamba mmoja, Muindi Mbingu, akawaongoza maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwemo, hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Serikali ililegeza amri ya kuuza ng'ombe kwa lazima, lakini Muindi mwenyewe alihamishiwa Lamu. Leo barabara yenye jina lake iko katikati ya Nairobi, na wengi wanaoipita kila siku hawajui kwamba kisa kilianzia kwenye mmomonyoko wa udongo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ulikuja mpango wa serikali wa kuendeleza ardhi ya Waafrika, ALDEV, ulioanza mwaka 1946, na pamoja nao kazi ya lazima. Asubuhi za siku zilizopangwa, watu walitolewa nyumbani kuchimba matuta chini ya jicho la chifu. Kazi hiyo iliitwa mwethya, na hapo palikuwa na dhuluma ndogo ndani ya dhuluma kubwa. Mwethya wa asili ni mtu kuwaita jirani zake wamlimie au wamjengee, naye awapikie isyo na kuwamiminia pombe ya kaluvu. Hauitwi na karani. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 maofisa wa maendeleo walianza kulitambua hilo. Vikundi vikaruhusiwa kuchagua viongozi wao na kufanya kazi katika mashamba ya wanachama wenyewe. Wanaume wengi walikuwa wameenda kutafuta mishahara mijini, hivyo majembe yakawa ya wanawake, na uongozi pia.

Baada ya Uhuru matuta mengi yaliachwa yabomoke, maana yalinuka ukoloni. Yalirudi kidogo kidogo katika miaka ya 1970, safari hii kwa hiari, huku Wizara ya Kilimo ikisaidiwa na Sweden kutoa mafunzo na vifaa. Mtindo uliopendwa ni ule wa fanya juu: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa mlimani, na baada ya misimu kadhaa shamba linajisawazisha lenyewe.

Ni katika kipindi hicho, mwaka 1978, Joshua Mukusya na majirani zake walipoanzisha kikundi cha Utooni hapa Kola. Mabwawa ya mchanga waliyoyajenga hayakuwa kitu kipya, kwani wahandisi wa ALDEV walikuwa wamejenga machache Ukambani. Utooni waliifanya kazi hiyo kuwa ya wanakijiji wenyewe. Wanatafuta mahali ambapo mwamba uko karibu, wanajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto, na kuiachia mvua ifanye mengine. Mchanga mzito hunasa nyuma ya ukuta, tope jepesi hupita juu na kwenda zake. Bwawa likijaa, hadi asilimia 40 ya ujazo ule wa mchanga yaweza kuwa maji. Jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hawana pa kuzalia, na mchanga wenyewe huyachuja.

Kuna sharti, na hapa ndipo kazi ya mlimani inapokutana na kazi ya mtoni. Kama vilima vya juu vimeachwa uchi, kitakachojaa bwawani ni tope, na tope halitoi maji. Kwa hiyo matuta hutangulia saruji. Mwanachama hubeba mawe, huchota mchanga kwa karai, huchimba kwa jirani leo na kwake wiki ijayo, wala halipwi. Ng'ombe na punda nao hutafutiwa pa kunywea kando, kwa sababu kisima cha kuchimba mchangani kinachoshirikiwa na mifugo huwa na samadi kabla ya jua kuwa kali.

Ukame wa mwaka 1984, ambao Wakamba waliuita kwa jina la kufa huku pesa zimo mkononi, ulionyesha thamani ya ukuta kama huo. Mwaka uliofuata kijana kutoka Uingereza, Simon Maddrell, alikuja na msafara wa vijana akajenga bwawa pamoja na Utooni. Mwaka 2002 alianzisha shirika kule Uingereza la kuchangia kazi hiyo, na mbinu ya Kola ikaanza kusafiri nje ya Kenya.

Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipiga picha upya mahali palipopigwa picha mwaka 1937, na mwaka 1994 wakachapisha matokeo. Watu wa Machakos walikuwa wameongezeka kutoka 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, na bado miti na matuta vilikuwa vingi kuliko zamani. Wapo waliowapinga, wakisema wenye mshahara wa Nairobi ndio walioweza kukarabati mashamba na maskini wakabaki nyuma. Naona pingamizi hilo lina uzito. Kujitolea ni rahisi zaidi kwa mtu ambaye hahitaji kibarua cha siku hiyo.

Adui wa sasa huja na lori. Mchanga uliotunzwa kwa miaka ndio unaotakiwa na wajenzi wa Nairobi, na ukizolewa, maji huondoka nao. Kaunti jirani ya Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015. Tangu Sheria ya Maji ya mwaka 2002 vyama vya watumiaji wa maji vimetambuliwa rasmi, lakini wanachama wake ni watu wa kujitolea, na mtu wa kujitolea hana pingu. Anachoweza ni kupiga simu usiku na kungoja.

Huko chini, bwawa la Thwake lilianza kujengwa mwaka 2018 pale Mto Thwake unapokutana na Athi. Athi hubeba maji machafu ya Nairobi na viwanda vyake, na wabunge na wanamazingira wameshauliza ni nani atakayekunywa maji hayo. Nairobi haijaitwa kwenye mwethya wowote bado.