Mambo ya kuzingatia unapomtafuta mwalimu wa salsa

WAHENGA walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Hata hivyo, wengi wanaoingia katika ukumbi wa salsa kwa mara ya kwanza hutarajia kuanzia kileleni: mizunguko ya kasi, mikono inayopishana hewani na viuno vinavyotii kila pigo la ngoma.

Wiki chache baadaye, aghalabu huwa wamekata tamaa. Hujiambia kwamba hawana kipaji, ilhali huenda tatizo lilikuwa mwalimu waliyemchagua wala si miguu yao.

Makala haya yanaangazia mambo ambayo anayeanza anapaswa kuyachunguza kabla ya kutoa ada yake.

Fahamu unachotaka kujifunza

Densi za Amerika ya Kilatini ni za aina mbili kuu. Kuna densi za mashindano, ambazo ni tano: samba, cha-cha-cha, rumba, paso doble na jive. Hizi zina kanuni zilizoandikwa, na wachezaji hupimwa na majaji.

Kisha kuna densi za burudani ya kawaida kama vile salsa, bachata na merengue, ambazo watu huzicheza kumbini na kwenye sherehe bila kuhukumiwa na yeyote. Ikiwa nia yako ni kucheza na marafiki jioni ya Jumamosi, mwalimu wa mashindano huenda asikufae.

Salsa yenyewe ina mitindo kadhaa. Mizizi yake ni muziki wa son wa Cuba, lakini ilipata umaarufu kwa jina hilo mjini New York katika miaka ya 1960 na 1970 kupitia wanamuziki wenye asili ya Cuba na Puerto Rico.

Wanaocheza kwa mtindo wa Cuba huzungukana kwa mduara, ilhali wa mitindo ya New York na Los Angeles husonga mbele na nyuma katika mstari mmoja. Tena wapo wanaobadili mwelekeo kwenye pigo la kwanza, na wapo wanaofanya hivyo kwenye pigo la pili.

Hakuna mtindo ulio bora kuliko mwingine. Muhimu ni mwalimu akueleze waziwazi anafunza upi, na akuimarishe katika huo kabla ya kukuchanganyia mingine. Wako pia wanaofunza kizomba chini ya jina la densi za Kilatini. Ni densi ya kupendeza, ila asili yake ni Angola, na mwalimu makini hatakuficha hilo.

Mchezaji hodari si lazima awe mwalimu hodari

Kosa la kawaida ni kumchagua mwalimu kwa sababu anacheza vizuri. Watazame wanafunzi wake badala yake, hasa waliojifunza kwa miezi mitatu au minne. Je, wanaweza kucheza na mtu wasiyemzoea, kwa wimbo wasioujua? Au wamekariri tu mfululizo wa hatua ambao huwaponyoka pindi muziki unapobadilika?

Omba kutazama kipindi kimoja kabla ya kulipa. Chunguza mwalimu anafanya nini mwanafunzi anapokosea. Mwalimu asiyeijua kazi yake hurudia hatua ileile, kwa kasi ileile, huku akipaza sauti. Anayeijua hupunguza mwendo na kutafuta chanzo cha kosa. Mara nyingi huwa ni jambo dogo: mwanafunzi hakuhamisha uzito wa mwili hadi mguu wa pili, hivyo mguu anaouhitaji kwa hatua inayofuata umekwama.

Kadhalika, tazama iwapo anawajali wote, wanaoongoza na wanaofuata. Katika baadhi ya madarasa, maelezo yote huenda kwa anayeongoza, na mwenzake huachwa akivutwa huku na huko kama mzigo. Kufuata ni ustadi unaofunzwa, sawa na kuongoza.

Sikio kabla ya miguu

Salsa huhesabiwa kwa mapigo manane. Miguu hukanyaga katika la kwanza, la pili na la tatu, kisha la tano, la sita na la saba. La nne na la nane ni ya kutua. Bachata pia huhesabiwa kwa manane, ila katika la nne na la nane mguu hugusa tu sakafu bila kubeba uzito. Merengue ndiyo rahisi zaidi, kwani kila pigo lina hatua yake.

Mwalimu mzuri atakufunza kuyasikia mapigo hayo kabla ya kukufunza kuzunguka. Atawapigisha makofi na kuwaelekeza muisikilize klave, vile vijiti viwili vinavyogonganishwa na ambavyo mdundo wake ndio uti wa mgongo wa muziki huu. Mwanafunzi anayesubiri kuhesabiwa kila siku atapotea siku mwalimu atakaponyamaza.

Katika hili Wakenya wengi wana bahati. Rekodi za Cuba zilienea Kongo kuanzia miaka ya 1930, na wanamuziki wa huko wakazitumia kuunda rumba yao, ambayo Unesco iliiorodhesha kuwa urithi wa binadamu mnamo 2021. Celia Cruz na kundi la Fania All Stars walipotumbuiza Kinshasa Septemba 1974, walikuta hadhira ambayo masikio yake yalikwisha kuuzoea mdundo huo. Aliyelelewa na nyimbo za Franco na Tabu Ley haanzi kutoka sufuri.

Heshima na usalama

Densi ya wawili haiwezekani bila kugusana. Ndiyo maana mwalimu mwadilifu hueleza mkono unapaswa kuwa wapi na kwa sababu gani, huwabadilisha wachezaji kwa zamu, na humruhusu yeyote kukataa kucheza na mtu fulani bila kudaiwa maelezo.

Jihadhari na yule anayewashika wanafunzi isivyostahili kisha akasingizia kwamba ndivyo salsa ilivyo. Sivyo ilivyo. Ondoka hata kama umelipa ada ya mwezi mzima. Nchini Kenya, kumgusa mtu kwa njia ya aibu bila ridhaa yake ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, na mtuhumiwa kuwa mwalimu hakumpi kinga.

Chunguza pia sakafu. Saruji tupu huumiza magoti, na viatu vya raba vinavyong'ang'ania sakafu huweza kutegua goti mtu anapozunguka. Mwalimu anayejali atakushauri kuhusu viatu, atawapasha misuli joto kabla ya kuanza, na atauliza iwapo kuna mwenye maumivu ya mgongo au magoti. Anayewarusha wageni hewani siku ya kwanza anatafuta sifa kwa gharama ya mifupa ya wengine.

Ada na ahadi

Uliza mapema: Je, ada ni ya kipindi kimoja au ya mwezi? Ukikosa kipindi, utafidiwa? Darasa lina watu wangapi? Wanaoanza hutengwa na waliobobea? Dai risiti, na usikubali kulipia miezi mingi kabla ya kumjua mwalimu.

Mkimbie anayeahidi kukufanya bingwa kwa mwezi mmoja. Haraka haraka haina baraka.

Hatimaye, baada ya vipindi viwili au vitatu, jipime nyumbani. Washa redio, subiri wimbo wa salsa, kisha jaribu hatua ya msingi ukiwa peke yako. Ukiweza kuianza na kuidumisha bila mtu kukuhesabia, ujue ada yako haikupotea. Ikiwa unachokumbuka ni jinsi mwalimu alivyocheza tu, tafuta mwingine.