Daktari wa Karema

Boma la Karema halilitazami ziwa kama zamani. Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold walipolijenga mwaka 1879, maji yalikuwa karibu. Baadaye Ziwa Tanganyika likarudi nyuma, boma likabaki nchi kavu. Bibi yangu, mzaliwa wa hapo, alikuwa akisema maji yalichoka kuwaangalia wazungu.

Mwaka 1885 Wabelgiji walilikabidhi boma hilo kwa Mapadre Weupe, likawa misheni. Humo ndimo alimofikia, mwaka 1889, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyeitwa Adriano Atiman. Mwafrika, lakini si wa kwetu. Alizaliwa Tundurma, karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara hadi Algeria, na huko mapadre wakanunua uhuru wake. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, akampeleka Malta kusomea udaktari, kisha akapangiwa Tanganyika: meli hadi Zanzibar, na kutoka pwani ni miguu.

Mimi ni nesi mstaafu, nimefanya kazi Mpanda miaka 31, kwa hiyo Malta hainishangazi sana. Kinachonishangaza ni alikopelekwa. Miaka ile misafara ya watumwa ilikuwa bado inavuka ziwa kutoka Kongo. Misheni ilikomboa baadhi ya watumwa hao, wakajenga kuizunguka. Kwa hiyo mtu aliyewahi kuuzwa ndiye aliyekuwa akiwatibu watu waliouzwa. Angeweza kuomba apelekwe popote, mbali na minyororo. Alioa Agnes Wansabira, binti wa Kibende, na mtoto wao Joseph akapewa upadre mwaka 1923. Wajerumani wakaja wakaondoka, Waingereza wakashika nchi, Atiman yupo Karema, anatibu na kufundisha dini. Alikufa mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67 katika kituo kimoja. (Sisi tulikuwa tukiandika barua ya uhamisho kabla ya kumaliza mwaka.)

Bibi hakuwa na maneno mengi juu yake. Alisema tu, "Atimani hakurudi kwao."

Nikiwa msichana niliona hilo ni jambo la kusikitisha. Nililielewa vingine mwaka 1998, malaria iliponichukulia mwanangu wa kwanza, akiwa na miaka minne. Nilikuwa nimeweka dripu za kwinini kwa watoto wa watu nisiojua hesabu yao, na wa kwangu akaenda. Jumuiya wakaja kusali, Mungu awabariki, walikesha nami. Lakini kila aliyeingia aliniambia Mungu ana makusudi yake. Siku ya tatu nikamjibu mama mmoja, mtu mzima wa kuamkiwa, kwamba basi aende akayaulize hayo makusudi aje anieleze. Akanyamaza. Nikaona aibu, ila neno sikulirudisha.

Kisa chake Atiman alikiandika mwenyewe, kikachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Wapo wahubiri wanaokisimulia kana kwamba Mungu alipanga atekwe ili aje atutibu. Mimi hapo siwafuati. Waliomteka walikuwa wezi wa watoto, na mama yake alibaki Tundurma na kitanda kitupu. Hakuna dawa ya Karema inayolipa hilo. Ninachokiona ni kingine: mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuuliza kwa nini, na kila kukicha mlangoni pake pana mgonjwa. Sidhani aliacha kuuliza. Alikuwa anauliza huku anafunga kidonda. Hiyo ndiyo imani niliyoiweza mimi. Ile ya majibu ilinishinda.

Wiki ya tatu baada ya matanga niliripoti zamu ya usiku. Mganga wa zamu akataka nikae dawati la kadi. Saa saba akaletwa mtoto kutoka Katumba, homa nyuzi 40, macho yamegeuka, mikononi hapapatikani mshipa. Mama yake akanishika gauni. "Dada, huyu ndiye niliyebaki naye."

Nikaomba wembe. Nikanyoa kidogo juu ya sikio, nikapangusa kwa spiriti, nikaanza kuutafuta mshipa kwa kidole.