Upatanisho wa Kisarufi na Ngeli ya Istilahi

Katika Kiingereza cha kale, kitenzi kilibadilika mwisho wake kwa kufuata nafsi na idadi ya kiima. Karne zilivyopita, viambishi vingi vilidondoka. Leo kilichobakia hasa ni kiambishi cha nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo, pamoja na maumbo machache ya kitenzi chenye maana ya "kuwa". Kiswahili hakikupita njia hiyo. Ngeli ya nomino hutawala kitenzi, kivumishi na kirejeshi: "kitabu kile kilichopotea kimeonekana".

Jambo hili si la darasani tu. Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1980, hukutana Chukwani, kusini mwa Mji Mkongwe. Tuchukue mfano wa taarifa yake. Tukiandika "kamati ya Baraza iliyoidhinisha hesabu", mwenye kuidhinisha ni kamati. Tukiandika "kamati ya Baraza lililoidhinisha hesabu", ni Baraza lenyewe. Kiingereza hutumia kirejeshi kimoja kwa maana zote mbili. Mfasiri, basi, hana budi kuujua ukweli wa jambo kabla ya kuandika kiambishi. Akikosea silabi moja, amehamisha madaraka.

Kwa sababu hiyo istilahi iliyokopwa haijakamilika mpaka ipewe ngeli. Neno "kamusi", lenye asili ya Kiarabu, ni ushahidi mzuri. Mwaka 1935 Frederick Johnson alitoa Kamusi ya Kiswahili. Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Lakini mwaka 2010 Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha. Wataalamu wa lugha moja wamelitia neno moja katika ngeli mbili.

Hapana haja ya kuhukumu kwamba upande mmoja umepotoka, kwani kila upande una wasemaji wake. Madhara huja pale waraka mmoja unapochanganya: "kamusi hili imechapwa". Hapo upatanisho umevunjika, na msomaji hajui tena kiambishi kinarejea wapi.

Inafaa, kwa hiyo, kila orodha ya istilahi ionyeshe ngeli na wingi wa neno kando ya maana yake. Mwalimu na karani watakaolipokea neno wataweza kulitungia sentensi bila ya kubahatisha.