Kushinda husuda kwa imani thabiti

Husuda, ambayo watu huiita pia kijicho au roho ya kwa nini, ni uchungu anaousikia mtu moyoni kwa sababu mwenzake amepata jema. Mafundisho ya Kikristo huihesabu miongoni mwa mizizi ya dhambi, kwa kuwa huzaa masengenyo, uchongezi, chuki na furaha ya kumwona mwenzako akianguka. Nidhamu peke yake haitoshi kuing'oa. Tangu Zaburi hadi kwa walimu wa Kanisa, dawa inayotajwa kwanza ni imani isiyoyumba: kumtegemea Mungu hata pale ambapo namna anavyogawa mema yake haieleweki.

Katika mahubiri mengi ya Afrika Mashariki husuda hutajwa kama ugonjwa wa majirani. Muumini huombewa akingwe na mahasidi wanaomwonea gere kwa sababu ya nyumba yake, kazi yake au watoto wake. Ombi hilo lina msingi, maana Biblia inawajua waliodhulumiwa kwa husuda: Habili aliuawa, Yusufu akauzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha, na Injili ya Marko yasema Pilato alitambua kwamba makuhani wakuu walimtoa Yesu kwa ajili ya husuda. Hata hivyo, Maandiko humgeukia mwamini mwenyewe kwa ukali zaidi. Katika mfano wa mwana mpotevu, anayekataa kuingia karamuni ni yule mwana mkubwa aliyebaki nyumbani akitumika miaka yote. Na wanaonung'unikia dinari ya wenzao katika Mathayo 20 ni vibarua walioshinda shambani tangu alfajiri.

Zaburi ya 73 ndiyo inayolieleza jambo hili kwa kina. Imetajwa kuwa ya Asafu, mmoja wa viongozi wa waimbaji katika ibada ya Israeli. Anakiri kwamba nusura ateleze alipoona waovu wakistawi, wana afya, hawasumbuki kama watu wengine, tena wana majivuno. Akaanza kujiuliza kama usafi wa mikono yake ulikuwa na faida yoyote. Hakuyasema hayo hadharani, kwa kuogopa kuwasaliti watoto wa Mungu, lakini kila alipojaribu kuyaelewa alizidi kuchoka, mpaka alipoingia patakatifu pa Mungu.

Wasomaji wengi hukomea hapo, kwamba Asafu alionyeshwa mwisho wa waovu akatulia. Ingekuwa hivyo tu, angekuwa ameponywa kwa kungojea wenzake waanguke, na kungojea huko ni husuda tena. Zaburi inakwenda mbali zaidi. Asafu anajiona alikuwa kama mnyama asiye na akili, kisha anagundua kwamba muda wote huo Mungu alikuwa amemshika mkono wa kuume. Mwishoni anamwita Mungu fungu lake la milele. Tamko hilo lina uzito wa pekee kinywani mwake, kwa sababu alikuwa Mlawi. Kabila la Lawi halikupewa eneo lake la urithi makabila mengine yalipogawiwa nchi. Liliambiwa kwamba Bwana ndiye fungu lake. Mtu asiye na shamba la urithi aliwatazama wenye mali wakinenepa, akakubali tena mgawo aliopewa. Hakuna mstari unaosema kwamba mali yake iliongezeka.

Kitabu cha kwanza cha Samweli kinaweka watu wawili mbele ya Daudi yuleyule. Sauli alisikia wanawake wakiimba kwamba yeye ameua maelfu na Daudi makumi ya maelfu, na tangu siku hiyo akamtazama kijana huyo kwa jicho baya, hata akamrushia mkuki. Yonathani mwanawe ndiye aliyekuwa na la kupoteza zaidi, kwa kuwa kiti cha enzi kilikuwa kiwe chake. Lakini alivua joho lake akampa Daudi, pamoja na upanga, upinde na mshipi. Baadaye, Daudi alipokuwa mafichoni katika jangwa la Zifu, Yonathani alimfuata huko akamtia nguvu katika Mungu, akamwambia kwamba atakuwa mfalme na yeye atakuwa wa pili wake. Hata hiyo nafasi ya pili hakuipata; alikufa vitani Gilboa. Imani yake yaonekana katika jambo hilo hasa: alifurahia mpango wa Mungu ambao haukumpa chochote.

Kanisa la mwanzo liliijua husuda kama adui wa ndani. Barua ya Klementi wa Roma kwa Wakorintho, ya mwisho wa karne ya 1, iliandikwa baada ya wazee wa kanisa kuondolewa madarakani, nayo inafuatilia madhara ya husuda tangu Kaini hadi mateso ya Petro na Paulo. Sipriani, askofu wa Karthago aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258, aliandika kitabu kizima juu ya wivu na kijicho. Alionyesha kwamba dhambi nyingine hufika kikomo tendo likiisha, lakini husuda huendelea kumla mtu maadamu mwenzake anafanikiwa. Orodha ya mawazo mabaya manane ya Evagrio wa Ponto, mmonaki wa karne ya 4, haikuitaja. Papa Gregori Mkuu (590–604) ndiye aliyeiingiza katika orodha yake ya dhambi saba. Katika karne ya 13, Thoma wa Akwino aliieleza kama huzuni juu ya jema la mwingine, linapoonekana kama linapunguza heshima ya mwenye huzuni. Maelezo hayo yanasaidia sana: mwenye husuda ameamini kwamba heshima ni chache, na akipewa mwingine yeye amenyang'anywa. Imani katika Mungu asiyepungukiwa inaugusa uongo huo moja kwa moja.

Mtume Paulo aliishi hivyo akiwa kifungoni. Anawaambia Wafilipi kwamba wako wanaomhubiri Kristo kwa husuda, wakitaka kumwongezea dhiki, naye anafurahi kwa kuwa Kristo anahubiriwa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inaiweka husuda chini ya amri ya kumi, na inamtaka mbatizwa apambane nayo kwa kuwatakia wengine mema, kwa unyenyekevu na kwa kujikabidhi kwa maongozi ya Mungu. Katika uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi, ndugu walihimizwa kuenenda nuruni: kuungama dhambi waziwazi katika ushirika na kupatana na waliokosana nao. Maungamo ya namna hiyo yanataka busara, maana mtu aliyekuwa hajui kwamba anahusudiwa anaweza kubebeshwa mzigo usio wake. Kuna njia nyingine ambayo kila mwamini anaiweza, nayo ni kumwombea yule anayemhusudu, kwa jina lake na kwa jambo lilelile linalouma: biashara yake izidi, ndoa yake idumu, uimbaji wake uendelee kupendwa na kwaya nzima. Mwanzoni maneno hayo hutoka kwa shida, kwa sababu mwombaji bado hayatamani anayoyaomba, naye anayaomba akimtegemea Mungu ampe kuyatamani.